Mbao za Juu ya Jiko

Adolphine alikuwa anachambua majani ya sombe nyuma ya nyumba aliposikia ule mlio tena. Ulikuwa mlio mdogo tu, ka!, mtu mwingine asingegeuza hata kichwa, lakini mkono wake ulibaki hewani na jani lake. Ng'ambo ya ukuta, katika karakana, mumewe Floribert hakusema kitu. Zamani kalamu ikimharibikia alikuwa akitukana kwa Kimashi mpaka wapita njia wanacheka. Sasa alinyamaza, na kimya hicho ndicho kilichomtia mkewe hofu.

Alifuta mikono, akaingia. Floribert alikuwa ameinama mbele ya jiliwa, kalamu ya mbao ya libuyu mkononi. Ilikuwa nyekundu, imenyooka, inang'aa kwa nta, kalamu ya kumpa askofu. Ila pale mdomoni panapoingia ncha ya chuma, ufa ulikuwa umeshuka mpaka katikati.

“Tena, Papa Colette?”

“Tena.”

“Labda ulikaza sana.”

“Nilikaza polepole, kidogo kidogo, kama mutu anapasua yai. Nilisafisha ndani na tupa, nikatoa gundi yote. Nilipaka mushumaa ku chuma ili iteleze. Niambie bado kitu gani sijafanya.”

Adolphine alipitisha kidole juu ya ufa. Miaka aliyoishi nyuma ya karakana ile ilikuwa imemfundisha kazi hiyo kwa masikio na macho. Kipande cha mbao kinatobolewa toka mwanzo hadi mwisho, kinagundishwa kibomba cha shaba ndani, kinakerezwa mashineni mpaka kinakuwa chembamba kama kidole, kinapigwa msasa, kinapakwa nta. Mwisho kabisa ncha na kifuniko vya chuma vinasukumwa kwa jiliwa viingie kwa nguvu kwenye kibomba. Hapo mwishoni ndipo kazi yote ya siku inaweza kwenda bure, na tangu mvua zianze ilikuwa inakwenda bure karibu kila siku.

Kalamu zilitakiwa kabla ya sikukuu ya serikali ya Novemba. Zilikuwa za wageni wakubwa watakaotoka Kinshasa, na aliyeziahidi ni Citoyen, yaani Raia, Birindwa, mmiliki mpya wa karakana. Alikuwa karani mahali fulani mjini hadi mwaka uliopita, serikali ilipowanyang'anya watu wa nchi za nje biashara zao na kuzigawa, na yeye akaangukiwa na karakana ya Mzungu mmoja, yenye mashine, mbao, sanduku la vyuma vya kalamu kutoka Ulaya, na mkerezaji ndani yake. Patasi hakuwahi kuishika. Kwenye ubatizo aliitwa Placide, jina ambalo sasa lilikuwa marufuku kama majina yote ya ubatizo, ingawa majumbani watu waliyatumia bado, na maskini mama yake bado alikuwa akimwita hivyo kwa sauti, barabarani, mbele ya watu wa chama.

“Kama hauwezi,” Birindwa alikuwa amemwambia Floribert, bila ukali wowote, “useme tu. Mutoto wa shangazi yangu iko tourneur, anakereza mbao kule Bunyakiri. Anatafuta kazi. Na nyumba ni ya atelier, ya hii karakana, unajua.”

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili na jiko, vyote chini ya bati moja. Lakini ilikuwa na mlango unaofungika na bomba la maji uani, na Adolphine hakuwa na pengine pa kumpeleka binti yao Colette.

*

Floribert aliamua kuponya kalamu zilizopasuka, maana mbao mpya hazikumpa tofauti. Alidondosha gundi nyepesi ndani ya ufa, akaifunga kalamu kwa utepe wa mpira wa baiskeli mpaka ikakauka. Akachanganya gundi na unga wa libuyu wenyewe, akajaza pale palipobaki na alama, akapiga msasa, akapaka nta. Alipomaliza, Adolphine alizigeuza moja moja mwangani na hakuona kitu. Alifurahi kwa sauti, akampigia mumewe makofi kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Citoyen Birindwa alikuja siku ya pili yake, ndani ya suti ya abakosti ya kijivu iliyomkaba shingo. Alichagua kalamu iliyompendeza, akatoa pakiti ya sigara, akaandika sahihi yake juu yake kwa madaha. Alikandamiza. Ufa uliachama, ukambana ngozi ya kidole, kisha ukafumba tena. Tone moja la damu lilianguka kwenye pakiti.

“Citoyenne!” aliita. “Citoyenne, kuya uone kazi ya bwana yako!”

Adolphine alikuja mbio na Colette mgongoni. Alitumwa maji, akaleta maji. Alitumwa kitambaa safi, akachana ukingo wa kitambaa chake cha kanisani kwa sababu kingine hakikuwepo. Akakiosha kidole cha Citoyen Birindwa, yeye amepiga magoti na Floribert amesimama karibu, kofia mkononi, kana kwamba anaangalia mazishi.

“Mugeni akikatwa na kalamu yangu mbele ya batu, nitaenda wapi miye? Eh? Niambieni.”

“Pardon, patron.”

“Hapana patron. Patron walisha kwenda kwao Ulaya.”

“Pardon, Citoyen.”

“Muzungu alikaa hapa na nyinyi miaka ngapi? Aliwapa courant ku nyumba? Alikatala. Nani aliwapa courant?”

Mume na mke walitazamana. “Ni weye, Citoyen,” alijibu Adolphine.

“Bon. Zaïre ya leo haipiki na moshi, nilisema, nikawavutia fil mpaka ku jiko. Sasa minapata nini? Kidole kinakatika.” Alikiangalia kile kidole kwa huruma kubwa. “Munipe kalamu zenye haziachame. Sitaki kitu ingine.”

Na kweli alikuwa amewavutia umeme. Ukweli usemwe: Citoyen Birindwa hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyepewa kitu asichokijua na kuogopa kunyang'anywa. Msimu wa kiangazi Colette, mtoto wao wa miaka minne, alikuwa akibanwa na kifua mpaka midomo inageuka rangi, na daktari wa dispensari alimwambia Adolphine wazi kwamba mtoto huyu na moshi wa kuni haviwezi kukaa nyumba moja. Ndipo wakaomba waya, wakapewa. Wakanunua resho, jiko dogo la umeme lenye duara moja, Adolphine akalipitisha kwa majirani wote walione. Tangu siku hiyo mafiga yalizimwa na Colette akalala usiku mzima kama watoto wengine.

*

Juu ya mafiga palikuwa na uchaga wa fito, na juu ya uchaga palikaa vipande vya mbao za kalamu. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za Mzungu, hata kabla ya Floribert: mbao zikishakatwa, mke wa mkerezaji anapewa azitunze jikoni kwake. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mzungu mwenyewe alidhani ni kwa ajili ya wezi, akapenda kusema kwamba mwizi anaogopa jiko la mwanamke kuliko mbwa. Floribert naye alidhani hivyohivyo. Alikuwa mkerezaji mzuri na alijua mbao lazima zikauke, lakini kwa akili yake kukauka kulikuwa ni kukaa muda mrefu, na hizi zilikuwa zimekaa.

Adolphine alipanda kigoda kuteremsha kapu la vitunguu, akakiona kipande kimoja kimenasa kati ya fito na ukuta. Kilikuwa cheusi kwa masizi, kimesahaulika humo tangu enzi za mafiga. Alikipeleka karakanani kwa kuwa Floribert alikuwa amebakiwa na vichache, bila kufikiria zaidi ya hapo.

Chini ya masizi mbao ilikuwa nyekundu kama zingine. Floribert aliitoboa, akaigundisha, akaikereza. Alipoifunga kwenye jiliwa Adolphine alikuwa mlangoni, ameuma kidole. Jiliwa ilizunguka. Chuma kikaingia mpaka mwisho. Floribert alikaza tena, akasubiri, akaitoa, akaigongesha mezani, akaiangusha chini makusudi. Haikupasuka.

“Tazama,” alisema, “Bikira Maria ametukumbuka.”

Adolphine alirudi jikoni. Alichukua kipande kimoja kipya toka kwenye uchaga, akakipima mkononi, kikawa kizito. Alikibandika shavuni, kikawa baridi, kama ukuta wa nyumba wakati wa mvua. Halafu akatazama resho yake iliyokuwa inachemsha maharage bila chembe ya moshi, na Colette aliyekaa ndani ya mafiga yaliyozimwa, akipanga vifuniko vya chupa na kuimba peke yake. Akakirudisha kipande juu ya uchaga.

Alikaa na wazo hilo siku nzima na siku iliyofuata. Alijiambia huenda amekosea. Alijiambia fundi ni mumewe, si yeye, na kama kuna kitu atakiona mwenyewe. Siku ya tatu, walipokuwa wanakula bugali, mlio wa ka! wa asubuhi ile ungali masikioni, akashindwa.

“Papa Colette, ni moshi. Mbao zetu zilikuwa nakauka na moshi ya jiko yangu. Tangu resho, hazikauke tena.”

Floribert aliliviringisha tonge lake, akaliviringisha tena, hakulila.

“Minajua,” alisema.

“Unajua tangu lini?”

“Tangu ile kipande nyeusi.”

“Na juu ya nini haukusema?”

“Ningesema nini? Ningesema, Maman Colette, washa moto juu ya mutoto?”

Kila mmoja alikuwa amemficha mwenzake kitu kilekile, kwa sababu ileile, na upendo wao wote huo haukukausha hata kipande kimoja cha mbao.

Walijaribu njia nyingine, msidhani walikuwa wajinga. Jua halikuwepo, mvua ilishuka kila mchana toka milima ya Kabare na uani pakawa tope. Floribert aliweka vipande juu ya duara la resho, vikaungua nje na kupasuka vyenyewe kabla hata ya kutobolewa. Kuwasha moto karakanani ilikuwa marufuku, na marufuku yenyewe ilikuwa ya haki, kwa maana varnishi na petroli vilijaa humo. Kilichobaki kilikuwa kile walichokijua tangu mwanzo.

Floribert hakumwomba mkewe awashe. Kama angeomba, Adolphine angalau angepata mtu wa kumkasirikia. Asubuhi moja aliondoka kwenda karakanani, na Adolphine akatoa kapu la vitunguu ndani ya mafiga, akamtoa na mtoto, akaweka kuni.

*

Siku ya pili kifua cha Colette kilianza kupiga filimbi. Siku ya tatu Adolphine alimfunga mgongoni, akafunga nguo zake chache ndani ya kitambaa, akapanda naye hadi mtaa wa Nyalukemba kwa dada yake Virginie.

Virginie alikuwa mkubwa wake, ameolewa na mtu wa ofisini, nyumba ya matofali yenye madirisha ya vioo na jiko kubwa la umeme. Hakuwa na majivuno hata kidogo, na hilo nalo lilimwuma Adolphine, kwa sababu dada mwenye majivuno unaweza kumsema ukirudi nyumbani.

“Yaya, dada yangu, munishikie mutoto. Mpaka sikukuu tu.”

“Unauliza? Leta mutoto.”

Constantin, mume wa Virginie, alikuwa mezani na gazeti. “Shemeki, karibu. Minasikia bwana yako iko nachoma kalamu kama samaki?” Alicheka sana, akakohoa, akacheka tena. Adolphine alicheka pamoja naye, maana mtu anayekuja kuacha mtoto hana budi kucheka. “Na itakuwa juma ngapi?”

“Mpaka sikukuu, shemeki. Hatapita hapo.”

“Hakuna shida. Bitoto byetu biko na kitanda kikubwa.”

Alijiandaa kwa kilio cha Colette, hata maneno ya kumbembeleza alikuwa ameyapanga njiani. Colette hakulia. Alikuwa ameona radio yenye taa ya kijani, akaiwekea sikio, na mama yake alipoaga alisema “ndiyo” bila kugeuka. Njia yote ya kurudi Adolphine alitamani mtoto yule angelia kidogo.

Basi moto ukawaka. Uliwaka mchana kutwa, mdogo, wa kuni mbichi, ili moshi uwe mwingi na mwali usiwe mkali, maana walijifunza kwa kuharibu kwamba mwali mkali unapasua mbao kama resho ilivyozipasua. Adolphine alipikia hapo, akaanika nguo hapo, akalala na harufu yake. Macho yalimvimba. Vipande vilianza kuwa vyeusi, kisha vikawa vyepesi, kisha vikigonganishwa vikalia kwa sauti kavu. Floribert aliteremsha cha kwanza, akakikereza, akakifunga kwenye jiliwa. Wote wawili walisikiliza. Hawakusikia kitu, wala kwa kilichofuata, na Adolphine akajikuta anafurahi, akajichukia kwa kufurahi.

*

Baada ya sikukuu Citoyen Birindwa alifika na chupa mbili za bia, akavua viatu mlangoni kama mgeni wa heshima, akakaa kwenye kiti pekee chenye mgongo.

“Mukubwa mumoja wa Kinshasa,” alisema, “sitataja jina, alitia kalamu yetu humu, ku mufuko ya abakosti, mbele ya batu yote. Humu! Akaniuliza, Citoyen, nani anafanya hii? Nikasema ni atelier yangu.” Alimpiga Floribert begani. “Weye ni mutu. Utabaki hapa mpaka uzeeke. Yule wa Bunyakiri nilimwambia atafute kwingine.”

Floribert alitabasamu, tabasamu la kweli, ambalo mkewe hakuwa ameliona tangu mvua zianze.

“Sasa banataka zingine. Za mwaka mupya, kisha za kila mwezi. Vyuma vitakuya na ndege. Na ile namna ya kukausha mbao, muendelee vilevile, musibadilishe hata kitu.”

Tabasamu likabaki usoni pa Floribert, lakini halikuwa tena na kazi. Alimtazama mkewe. Adolphine alikuwa amekaa chini mkekani. Aliinuka nusu, akapiga magoti.

“Citoyen, tunaomba kitu moja. Utupe nafasi nyuma ya parcelle, ku kiwanja, tujenge kajumba ka moto. Kadogo tu, ka fito na bati moja. Ni juu ya mutoto. Kifua yake haiwezane na moshi.”

“Nyuma wapi? Pale?” Alinyoosha shingo dirishani. “Pale minataka kujenga garage ya gari.”

“Hata pembeni, Citoyen.”

“Na fito na moto, atelier ikiungua?” Aliwaza kweli, uso ukaonyesha kwamba anawaza. “On verra, tutaona, citoyenne. Nyuma ya mwaka mupya. On verra.” Kisha akauliza kwa upole, “Lakini mutoto si yuko vizuri kwa dada yako? Walisema yuko vizuri.”

“Yuko vizuri,” alisema Adolphine.

“Basi tumushukuru Mungu.”

“Aksanti, Citoyen,” alisema Floribert, na akafungua bia.

*

Jumapili baada ya misa Adolphine alipanda Nyalukemba, kama alivyofanya Jumapili iliyotangulia. Alikuwa amesema atamrudisha mtoto nyumbani siku hiyo. Badala yake alikuwa amebeba ndizi za kushukuru na maneno ya kuomba muda zaidi, na Constantin, bila hata kuyangoja yaishe, alisema hakuna shida, hakuna shida kabisa, akarudi kwenye gazeti lake.

Colette alikuwa amenenepa. Aliposikia sauti ya mama yake alitoka chumbani mbio, mikono mbele, lakini Virginie alimdaka katikati ya sebule akamwinua juu.

“Ngoja kwanza, maman,” alimwambia mtoto. “Ngoja.” Akamgeukia mdogo wake, akashusha sauti. “Adolphine, usikasirike. Ile juma ilipita, nyuma ya weye kwenda, alikohoa mpaka asubuyi. Ni nguo zako. Na nywele. Miye niko nakuzoea, lakini yeye… Kuoga kwanza. Nitakupa kitenge yangu.”

Adolphine hakukasirika. Alikwenda bafuni akaoga kwa sabuni ya dada yake, akaosha nywele mara mbili, akakwaruza kichwa kwa kucha. Nguo zake Virginie alizitundika mwenyewe mwisho wa ua, kwenye seng'enge. Alipotoka amevaa kitenge kisicho chake, mtoto aliruka mapajani pake, akamsimulia juu ya radio, juu ya paka, juu ya binamu aliyeng'oka jino, mpaka maneno yakaanza kuchelewa na kichwa kikalala kifuani pake. Alipumua vizuri, pasipo filimbi. Adolphine alikaa bila kujitikisa, mguu ukafa ganzi, hakuusogeza.

Mawingu yalianza kushuka na moto ulikuwa unamngoja.

“Nipe,” alisema Virginie taratibu, “uende kuvaa.”

Alimshika kidogo zaidi. Kisha akampa.

Alivaa tena nguo zake za moshi kule kwenye seng'enge, akakunja kitenge cha dada yake vizuri, akakiacha kwenye kiti barazani bila kuingia tena ndani. Alipofika langoni alisikia anaitwa “Maman!” akageuka. Virginie alifunga dirisha kwanza, akahakikisha limefungika, ndipo akamwinua Colette kwenye kioo ampungie mama yake mkono.